SOMO LA SANAA: Kingelez na Miji ya Karatasi

Wengi wetu hapa Butembo na Beni hatujaingia katika mize hata siku moja. Mize ndiyo nyumba ya makumbusho, pahali wanapotunza kazi za sanaa. Kinshasa ni mbali, na barabara ya kutufikisha kule ni shida. Lakini habari ya kijana mumoja aliyepiga hodi kwenye mize ya kule inatufaa, zaidi wale wanaoambiwa nyumbani kwamba kuchora ni kupoteza wakati.

Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa Bandundu. Mwaka 1970 akafika Kinshasa, akasoma, kisha akafundisha sekondari. Moyo wake haukutulia. Akaacha ualimu, akajifungia nyumbani na karatasi, makasi, wembe wa Gillette na kole, akatengeneza nyumba ndogo, yaani maketi. Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya 1970.

Akaipeleka kwenye Taasisi ya Mize za Taifa ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Wakubwa wa pale wakaitazama, wakamuzania mwizi. Nani alimujua? Wakamwambia atengeneze ingine palepale. Akakaa, akakata, akabandika. Walipoona mikono yake wakamupa kazi ya kurudisha vitu vya zamani vilivyoharibika katika hali nzuri.

Hapa tusimame kidogo. Watu wanasema mize inamupa musanii mawazo. Ni kweli, lakini angalia maketi za Kingelez: huoni kinyago cha mababu hata kimoja. Unaona nyumba za etaji zenye rangi kali, nyota, barabara pana, vyote kwa karatasi, kartoni, plastiki, hata vifuniko vya chupa. Hakuiga kitu. Kwa maoni yangu, faida aliyoipata pale ni ya macho na vidole. Mutu anayetengeneza kitu kilichovunjika analazimika kukitazama polepole: kiliungwa namna gani, rangi ilishika wapi, upande gani ulichoka mbele. Anayepita tu mbele ya kioo haoni hayo. Ndiyo hekima ya mikono aliyopewa Bezaleli, tunayosoma katika Kutoka sura ya 31.

Mwaka 1989 kazi zake zikaonyeshwa Paris, katika maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la Terre. Mwaka 1996 akamaliza Ville Fantôme, muji muzima wenye urefu wa zaidi ya metre 5. Alieleza kwamba ni muji wa amani, hauna polisi wala askari. Sisi wa Beni hatuhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Akafa mwaka 2015. Mwaka 2018 mize kubwa ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, ikaonyesha miji yake. Mwenyewe hakuiona siku ile.

ZOEZI. Tafuta kartoni ya sabuni au ya biskuti, kole na makasi. Jenga nyumba moja ambayo Butembo haina na unatamani iwe nayo. Usiige picha ya kitabu. Siku ya Ijumaa kila mutu ataleta kazi yake, na atakata na kubandika sehemu ya mwisho mbele ya darasa, ili tusisikie kwamba ni kaka yake aliyeifanya.