Mche wa Kuunganisha na Mche wa Kokwa

Upande wa Matayos, katika Kaunti ya Busia karibu na mpaka wa Uganda, mwembe mkubwa uani ni kitu cha kawaida. Watoto hucheza kivulini mwake na wazee huongea hapo jioni. Lakini mwembe ulioota kwa kokwa huweza kukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na mara nyingi matunda yake hayafanani na yale ya mti uliotoa kokwa. Mtu aweza kula embe tamu sokoni, akaipanda kokwa yake kwa furaha, kisha akavuna maembe madogo yaliyojaa nyuzi. Miaka hiyo hairudi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa kilimo huwafundisha wakulima kuunganisha miti. Kazi hii si uchawi, ila yataka mkono mtulivu na kisu kikali kilicho safi. Kokwa ya embe la kienyeji huoteshwa katika mfuko mpaka mche uwe na unene wa penseli. Ndipo hukatwa kichwa, yapata shibiri moja juu ya udongo, na shina hupasuliwa katikati kwa kina cha sentimita 3 au 4. Kisha ncha ya tawi yenye unene uleule huchukuliwa kutoka mti mzima unaojulikana kwa matunda mema, kama vile Apple, Kent au Ngowe. Ncha hiyo huchongwa mfano wa kabari, ikaingizwa katika mpasuko. Siri yote iko chini ya gome: ngozi ya kijani ya tawi sharti ikutane na ile ya shina, hata kama ni kwa upande mmoja tu. Kiungo hufungwa kwa utepe wa nailoni ili maji yasiingie, na mche huwekwa kivulini. Baada ya majuma matatu au manne macho ya tawi huanza kuchipua. Mwembe wa namna hii huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne.

Parachichi la Hass, ambalo wanunuzi hulitafuta sana, lilianza kwa bahati. Katika miaka ya 1920 mtu wa posta huko California, Rudolph Hass, alipanda kokwa. Alijaribu kuunganisha mche mmoja, tawi likakataa kushika, akauacha ukue wenyewe. Ukazaa matunda ya ajabu kwa utamu. Miti yote ya Hass duniani imetokana na matawi ya mti huo mmoja, ambao ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi.

Ugonjwa huo ndio adui wa mparachichi popote maji yanapotuama. Basi mashamba ya bondeni kando ya mto Sio hayaufai, heri mteremko. Shimo lichimbwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na ule wa chini, nao urudishwe umechanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Mche upandwe mvua za Machi zinapoanza, na kiungo kibaki juu ya ardhi. Miembe ikiachiana mita 10, ekari moja huchukua yapata 40. Maharagwe na njugu zaweza kupandwa katikati miaka ya kwanza. Mihogo isisogezwe karibu.

Anayenunua miche njiani asitazame majani tu. Atafute kovu la kiungo shinani. Ikiwa shina limenyooka bila kovu toka udongoni hadi kileleni, huo ni mche wa kokwa, hata muuzaji aape vipi. Ni salama zaidi kununua katika kitalu kilichoandikishwa. Na baada ya kupanda, kila chipukizi litokalo chini ya kiungo liondolewe upesi, kwani likiachwa litaushinda mti mwema.

Maembe yaliyoanguka yasiachwe chini. Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, huzaliana humo. Yafukiwe kwa kina cha nusu mita.

Atakaye kujifunza na amwendee Bwana Shamba wa wadi yake, au aulize katika kituo cha mafunzo ya kilimo kilichoko Busia. Aende na kisu chake, tena awe tayari kuharibu miche kadhaa ya kwanza.