Dondoo muhimu: Mtoto mnene na kauli za nyumbani

Mara nyingi jina la "bonge" huanzia nyumbani. Likishazoeleka sebuleni, shuleni halina wa kulizuia. Mtoto anayeuonea aibu mwili wake hukwepa uwanja wa mpira, huvaa sweta juani, na pengine hula kwa kujificha. Mwiteni kwa jina lake, na mwombeni shangazi na mjomba wafanye hivyo, hata kama wanatania. Nanyi wazazi, msiiseme vibaya miili yenu mbele yake.

Wapo pia wanaouona unene kuwa dalili ya neema. Msiamue kwa macho tu; mpelekeni mtoto kituo cha afya apimwe uzito na urefu. Vipimo vyake hulinganishwa na umri na jinsia yake, si na mtoto wa jirani.

Msimpikie chakula chake peke yake huku ndugu zake wakila chipsi. Hiyo ni adhabu, naye ataielewa hivyo. Badilisheni sufuria ya nyumba nzima: maharage, mchicha, samaki, matunda. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, kwa hiyo maji yawe kinywaji cha kila siku. Akisema ameshiba, msimlazimishe kumaliza sahani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili wastani wa dakika 60 kwa siku. Rede, kuruka kamba, kwenda sokoni kwa miguu, vyote vinahesabika. Chezeni naye.