Ujuzi Unao, Cheti Huna? Simu Yako Inaweza Kukusaidia

Ukitembea Kamukunji au Kariobangi Light Industries utapata watu wanaotengeneza masanduku, majiko, mageti na mashine za kukata majani ya ng'ombe. Wengi wao hawakusomea kazi hiyo darasani. Walianza kwa kubeba vyuma na kutumwa chai, wakaangalia fundi anafanyaje, na baada ya mwaka mmoja au miwili wakaachiwa kazi wenyewe. Hii si hadithi ya watu wachache. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiondoa ukulima mdogo na ufugaji, iko kwenye sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali.

Shida huja siku kazi kubwa inapotokea. Kontrakta anataka mafundi wa mabomba wa miezi sita. Hoteli inatafuta mpishi wa kuajiriwa, si wa kuitwa wikendi. Swali la kwanza ni moja tu: uko na karatasi? Fundi wa miaka kumi anabaki kuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na kijana aliyemfunza mwenyewe anaandikwa kwa sababu alipitia chuo cha ufundi. Tunaandika makala hii kwa sababu wateja wetu wengi wako hapo katikati, na pia kwa sababu walaghai wamegundua kuwa watu wanatafuta vyeti.

Kwanza, habari njema. Si lazima urudi chuoni miaka miwili kusomea kitu unachokifanya kila siku. Kuna njia mbili ambazo ni halali kabisa.

Ya kwanza ni trade test ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Unapimwa nadharia na vitendo, ukianzia Gredi ya III, kisha II, halafu I. (Kwa njia, mwajiri rasmi hulipa NITA shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi. Kama umeandikwa kazi, muulize mkubwa wako kama kampuni inaweza kukulipia mafunzo. Wengi hawaulizi.)

Ya pili ni mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Unajulikana kwa kifupi kama RPL, na unasimamiwa na KNQA, mamlaka ya vyeti nchini, ikishirikiana na vituo vilivyoidhinishwa. Hapa hupewi somo jipya. Unaomba, unakusanya ushahidi wa kazi ulizofanya, mtathmini anakupima, na ukifaulu unapata cheti.

Hilo neno ushahidi ndilo linalokwamisha watu. Fundi amejenga nusu ya mtaa lakini hana picha hata moja, na mwenye nyumba wa kwanza alishahamia Kitengela. Sasa hapa ndipo simu yako inaingia. Kila mara mteja anapokulipa kwa simu, rekodi inabaki: tarehe, kiasi, jina la aliyelipa. Ukiomba taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, unapata kitu ambacho hakitegemei kumbukumbu ya mtu. Taarifa hiyo haithibitishi kuwa geti ulilochomelea liko imara, na mtathmini bado atataka uchomelee mbele yake. Lakini inaonyesha kwamba umekuwa kazini, mfululizo, na kwamba watu tofauti wamekulipa. Ukiiweka pamoja na picha za kazi na barua mbili tatu za wateja, una jalada la maana.

Ila taarifa ikiwa imechanganyika, haitakusaidia sana. Pesa ya geti, mchango wa chama, hela ya matanga na elfu mbili uliyotumiwa na dada yako vyote vimekaa pamoja, na hata wewe mwenyewe hukumbuki ipi ni ipi. Ndio maana tunashauri utenganishe. Pokea malipo ya kazi kupitia till, au kama bado huna, tumia laini ya pili ya kazi peke yake. Ukilipwa pesa taslimu, na mjengoni hilo ni kawaida, iweke kwenye laini hiyo siku hiyo hiyo kabla haijaguswa. Halafu uwe na daftari. Andika tarehe, jina la mteja, kazi uliyofanya na mahali. Meseji ya malipo inasema umepokea 8,500. Daftari linasema ilikuwa ni kuweka sinki na bomba la maji moto Umoja. Kimoja bila kingine ni nusu habari.

Jambo moja watu husahau: taarifa yako ina majina na nambari za watu wengine. Toa kurasa zinazohitajika tu, usiisambaze kwenye WhatsApp. Na hakuna mtathmini, wa serikali au wa chuo, anayehitaji PIN yako. Akiiomba, ondoka hapo.

Kwa wale waliomaliza Form Four juzi na wanataka kuanzia chuoni, mambo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Diploma kwenye vyuo vya ufundi inahitaji C- kwenye KCSE, cheti cha ufundi D, na kozi za ngazi ya chini zinachukua hata aliyepata E. Maombi ya vyuo vya umma hupitia KUCCPS, na mikopo ya HELB si ya wanafunzi wa chuo kikuu peke yao.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapa ndipo tunapoona watu wakilia.

Meseji inaingia: umechaguliwa kufanya trade test, nafasi ni chache, tuma 1,500 kwa nambari hii kabla ya saa kumi. Au mtu anajiita wakala wa chuo na anakuahidi cheti bila kupimwa. Tazama nambari unayoambiwa utume. Ikiwa ni nambari ya simu ya mtu binafsi, simama hapo. Huduma nyingi za serikali sasa hulipiwa kwenye eCitizen kupitia paybill 222222, na nambari ya akaunti unaipata ukiwa umeingia kwenye akaunti yako mwenyewe, si kutoka kwa meseji ya mgeni. Chuo cha binafsi nacho kinapaswa kuwa na akaunti yenye jina la chuo, na kuwa kwenye orodha ya TVETA ya vyuo vilivyosajiliwa. Orodha hiyo iko kwenye tovuti yao, na kuitafuta ni kazi ya dakika tano. Kama chuo hakimo, usitume hata mia.

Hata chuo kikiwa halali, usilipe ada ya mwaka mzima kwa mpigo ati kwa sababu umeahidiwa punguzo. Lipa kwa awamu, hifadhi kila meseji, na uombe risiti ya chuo inayolingana na malipo yako. Jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini kabla hujamaliza, lisome. Tunajua mnabonyeza haraka.

Na kama tayari umetuma? Tupigie saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, tunabaki na rekodi tu. Hata hiyo usiidharau: chukua nambari ya muamala, picha ya meseji aliyokutumia na jina lililotokea, upeleke kituo cha polisi kilicho karibu upewe nambari ya OB. Usifute mazungumzo yenu, hata kama yanakuudhi kuyaona.