CHECHE NDOGO, HASARA KUBWA

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliielewa barabara likizo iliyopita, baada ya kuifungia pampu ya nyanya relei ili ijizime tangi likijaa. Relei ni swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme: koili yake ikipata umeme, ncha mbili za chuma hugusana na pampu ikawaka.

Wiki tatu mambo yalikuwa sawa, ila redio ya nyanya ilikwaruza kila pampu ilipozimwa. Mimi nikacheka tu. Asubuhi moja tukakuta tangi limefurika usiku kucha, shimo la maji ya mvua ni tupu na betri imekufa. Nyanya hakunigombeza. Alichukua mtungi akaenda mtoni. Niliona haya sana.

Nilipoifungua relei, zile ncha zilikuwa nyeusi, zimeng'ang'aniana kama zilizochomelewa. Kwa nini?

Kuwasha mota si kazi ngumu kama kuizima. Ndani ya mota mna koili, na umeme ukishaanza kupita kwenye koili haupendi kukatizwa ghafla. Ni kama mkokoteni uliojaa mawe ukiteremka mlima. Joseph Henry wa Marekani aliandika kuhusu tabia hii mwaka wa 1832. Ncha zinapoachana, betri ya volti 12 tu inaweza kuzaa volti mamia kwa nukta moja, na cheche huruka. Cheche hula chuma kidogo kidogo mpaka ncha zinashikana.

Na redio je? Cheche hutoa mawimbi ya redio. Heinrich Hertz wa Ujerumani alianza kuyaonyesha mawimbi hayo mwaka wa 1887 kwa kutumia cheche. Kumbe redio ya nyanya ilikuwa ikinionya!

Dawa ni hizi:

(a) Kwa umeme wa betri, funga diodi sambamba na mota, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Pampu ikizimwa, umeme uliobaki huzunguka humo mpaka ukaisha. Mimi nilitumia 1N5408, ya ampea 3. Ukiigeuza, utapiga shoti.

(b) Kwa umeme wa volti 240, diodi hiyo haifai kabisa. Mafundi hufunga kapasita ya aina ya X2 pamoja na rezista, kwa mfano mikrofaradi 0.1 na omu 100, kati ya ncha mbili. Rezista isiachwe, kwani bila hiyo kapasita hujimwaga kwa kishindo ncha zikigusana. Kazi hii mwachie fundi, umeme hauna rafiki.

(c) Chagua relei inayostahimili ampea nyingi kuliko za mota, maana mota ikianza hunywa umeme mwingi.

Sasa redio imetulia, na pampu huzima kwa wakati wake.

Zoezi kwa wanachama: relei nayo ina koili. Je, swichi inayoizima haihitaji kulindwa?