HUDUMA YA KWANZA MLIMANI



Sisi tunaosoma hapa Nabuyonga, Mbale, tukifungua dirisha asubuhi twaona magenge ya Wanale mbele yetu, na nyuma yake upo Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Baadhi yetu hupanda huko kwa matembezi. Wengine ndiko kwao: hushuka kuja shuleni, na likizo ikifika hupanda tena na sanduku kichwani. Kwa hiyo somo hili si la wageni wenye viatu vizito peke yao; ni letu sote.

Wengi wetu tumejifunza huduma ya kwanza darasani: kufunga bandeji, kuosha kidonda, kumlaza aliyezimia. Mafunzo hayo ni mema, lakini yamekusudiwa mtu aliye karibu na barabara. Mjini kazi yako ni kumtunza mgonjwa dakika chache mpaka gari lije. Mlimani hakuna gari. Dakika zile huwa saa, na pengine usiku kucha.

Jambo hili lilinielea siku ya mazoezi, baada ya mvua ya asubuhi. Mwalimu alimlaza mwenzetu mmoja mwembamba juu ya machela ya miti miwili na blanketi, akatuagiza vijana wanane tumshushe kwa njia ya Wanale. Wanne walibeba, wanne wakangoja zamu. Hatujamaliza kupita shamba moja la kahawa, tulikuwa tumekwisha pokezana mara tatu. Sisi tulitoka jasho, naye "mgonjwa", kwa kuwa alilala bila kujongea, alikuwa akitetemeka. Basi, adui wa majeruhi mlimani ni wawili zaidi ya jeraha lenyewe: muda na baridi. Yashikeni haya yafuatayo.

1. Jiangalie kwanza. Kabla ya kumkimbilia mwenzako, tazama juu: je, mawe yangali yanaanguka? Je, radi inapiga? Majeruhi wawili hawasaidiani.

2. Pumzi na damu. Asiyepumua, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Na kama umefundishwa, kila baada ya mara 30 mpulizie pumzi mbili. Anayepumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu, asije akasongwa na matapishi. Damu ikimwagika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Usifunue kila mara kuchungulia.

3. Mfupa uliovunjika. Usiuvute wala kuukanda. Ufunge pamoja na vipande vya mti ili usicheze. Huko juu mianzi haikosekani. Funga kupita kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika, kisha tazama vidole: vikipoa au kugeuka rangi, legeza. Aliyeumwa na nyoka naye hutulizwa vivyo hivyo, asitembee. Usimchanje, usimnyonye sumu, wala usimkaze kamba.

4. Baridi. Kila ukipanda meta 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Mbale uko kwenye meta zipatazo 1,100, na kilele cha Wagagai kiko meta 4,321. Pigeni hesabu wenyewe: huko juu ni baridi kuliko hapa kwa nyuzi zipatazo 20, na mtu aliyelowa hupoa upesi zaidi. Aliyeingiwa na baridi hutetemeka, hujikwaa, husema kama mlevi. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, msifurahi, hatari imezidi. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike mpaka kichwani ukiacha uso. Na kabla ya kumfunika juu, mtandikie chini majani makavu au mifuko, kwa maana ardhi hunyonya joto. Akiwa macho na aweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimpe waragi, wala usimsugue mikono na miguu.

5. Ugonjwa wa mwinuko. Kuanzia meta 2,500 hivi, hewa nyepesi huweza kumwumiza mtu kichwa, kumtia kichefuchefu na kumnyima usingizi. Nguvu za mwili hazimkingi mtu. Hodari wa mpira aweza kuugua, mwenzake dhaifu asiugue. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishe. Akianza kuyumba, kupotewa na akili, au kutweta hali amekaa, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku, wala asiachwe peke yake. Wapandao kwa njia ya Budadiri hulala kambi ya Sasa, kisha kambi ya Mude, kabla ya kukikabili kilele, nao hufanya vyema. Mwenda pole hajikwai.

6. Kuita msaada. Simu ikikosa mtandao, filimbi hufaa. Piga mara sita katika dakika moja, ngoja dakika moja, kisha rudia. Akusikiaye hujibu kwa mara tatu. Mkituma wajumbe, watumeni wawili wakiwa na karatasi iliyoandikwa mahali mlipo, saa ya ajali, na hali ya mgonjwa. Maneno ya mdomo hupotea njiani.

Huenda mtu akasema, "Mimi sipandi milima, haya ya nini?" Ndugu, katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ya mlima huu huu, tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka ikakifukia kijiji cha Nametsi. Zaidi ya watu 100 walikufa, na zahanati ya kijiji nayo ilifukiwa. Mitambo mikubwa haikuweza kufika. Waliofukua wenzao kwa majembe na mikono walikuwa majirani. Siku kama hiyo, mwenye kujua huduma ya kwanza ndiye zahanati iliyobaki.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila bweni liwe na wanafunzi wawili waliofundishwa barabara, nao wafundishe wengine kabla ya matembezi ya likizo. Na ninyi wazee wa shule mlio wauguzi na waganga, twawaomba Jumamosi moja tu ya muhula. Machela tunaweza kuitengeneza wenyewe. Tunachohitaji ni mtu wa kutusahihisha mikono.