Barua ya paroko itakufikisha wapi? Kwa Mkatoliki anayetamani kusoma ng'ambo

Ukatoliki peke yake haukupi nafasi ya kusoma nje ya nchi, isipokuwa mahali pachache. Ni vizuri ukapajua kabla hujaenda kumsumbua paroko kwa barua. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana hupanga foleni parokiani wakiomba "barua ya Kanisa". Wengi wakishaipata, imepigwa mhuri na kutiwa saini, ndipo huuliza: sasa naipeleka wapi?

Tuanze na mahali ambapo haitakiwi. Notre Dame, Georgetown na Boston College ni vyuo vya Kikatoliki vya Marekani vyenye jina kubwa, lakini havimchagui mwanafunzi kwa sababu kabatizwa. Waislamu, Wahindu na wasio na dini wanasoma humo. Vinachotazama ni alama zako, insha unazoandika mwenyewe, Kiingereza chako na barua za walimu waliokufundisha darasani. Mwalimu wako wa fizikia anayeweza kueleza ulivyolikabili somo gumu atakufaa kuliko padre anayeandika kwamba wewe ni kijana mwenye maadili. Mwaka 2024 Notre Dame ilitangaza kwamba haitaangalia uwezo wa mwombaji kulipa, hata akitoka nje ya Marekani, na kwamba msaada wake kwa shahada ya kwanza hautakuwa na mkopo ndani yake. Ni habari njema, ila ushindani wake ni mkali mno. Isitoshe, masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi kabla hujalipa hata senti moja.

Sasa mahali ambapo imani inahesabika. Ujerumani kuna shirika liitwalo KAAD, lenye makao yake Bonn, ambalo tangu 1958 linawafadhili wasomi, hasa Wakatoliki, kutoka Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko. Limekuwa likiwapokea waombaji wa Tanzania, Kenya na Uganda. Lakini halimlengi aliyemaliza kidato cha sita jana. Linamtafuta mwenye shahada ya kwanza, aliyekwisha kufanya kazi, anayetaka shahada ya uzamili au ya uzamivu, na mwenye nia ya kurudi kulitumikia taifa lake. Hapo ushiriki wako katika Kanisa unaulizwa kwa undani, na barua ya padre inasomwa neno kwa neno.

Ndiyo maana barua nzuri ni kazi. Paroko mwenye waumini maelfu hawezi kukukumbuka kwa sura tu. Anza kwenye jumuiya ndogondogo, maana mapadre wengi hawaandiki kitu bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Kisha mpelekee paroko nusu ukurasa wa mambo yako: ulikuwa kiongozi wa chama cha wanafunzi Wakatoliki, TYCS shuleni au TMCS chuoni, ulifundisha watoto katekisimu miaka mingapi, uliimba kwaya gani. "Ni Mkristo mzuri" ni sentensi inayoweza kuandikwa kwa mtu yeyote. "Aliongoza kipindi cha watoto kila Jumamosi kwa miaka mitatu" haiwezi. Kama barua inatakiwa itoke jimboni, wasiliana na ofisi ya kansela mapema, kwa sababu askofu husafiri na mwisho wa kupokea maombi haumsubiri.

Mahali pengine ni Roma, na hapa ndoto nyingi za walei huenda upande usio wao. Laurean Rugambwa, aliyekuja kuwa kardinali mwaka 1960, alisoma sheria za Kanisa katika chuo cha Urbaniana. Mapadre wengi wa Afrika wamepita njia hiyo wakilipiwa na majimbo na mashirika yao. Mlei anapokelewa pia katika vyuo vya kipapa, kwa barua ya mamlaka ya Kanisa, lakini mabweni mengi ni ya mapadre na watawa, na kodi ya chumba Roma si mchezo. Gregoriana, iliyoanzishwa 1551, inafundisha kwa Kiitaliano. Angelicum ya Wadominikani ina masomo ya Kiingereza. Jiulize pia utafanya kazi gani ukirudi. Vyuo hivi vinatoa bakalaureati, lisensia na udaktari, hasa katika teolojia, falsafa na sheria za Kanisa, na si kila mwajiri wa Dar es Salaam anajua lisensia ni kitu gani. Vatikani iliingia katika mpango wa Bologna wa kulinganisha shahada za Ulaya mwaka 2003, lakini kwa Tanzania mwenye neno la mwisho ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Waulize kabla hujaondoka, uchukue na cheti chao cha kutokuwa na pingamizi.

Anayetaka udaktari wa binadamu au uchumi nchini Italia aangalie badala yake Università Cattolica del Sacro Cuore, iliyoanzishwa Milano mwaka 1921 na kutambuliwa na serikali ya Italia. Huko kuna misaada inayotolewa kwa kuangalia kipato cha familia, na wageni huomba pia. Karatasi za kipato za wazazi huchukua muda kupatikana na kutafsiriwa, hasa kama baba ni mkulima asiye na hati ya mshahara.

Kuhusu karatasi, kikwazo kinachowaumiza Wakatoliki kuliko wengine ni jina la ubatizo. Cheti cha ubatizo kinasema Theresia, cha kuzaliwa kinasema Teresa, cha Baraza la Mitihani (NECTA) kimeongeza jina la babu, na pasipoti inafuata kimojawapo. Ofisa wa viza hajui kwamba wote hao ni wewe. Rekebisha mapema kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, na uhakikishe cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa na wakala wa usajili, RITA.

Kwenye fedha, usidanganywe na habari kwamba Ujerumani ni bure. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, kweli, lakini asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha akaunti maalumu yenye euro 11,904 za mwaka mmoja, kiwango kilichoanza kutumika Septemba 2024. Changizo la baada ya Misa haliwezi kufika huko, na mara nyingi hata lile dogo lililopatikana huishia kwenye keki ya kuaga kabla viza haijatoka. Na anayekuomba utume "ada ya ufadhili" kwa simu, hata akiwa na barua yenye saini ya askofu, mpigie kansela wa jimbo kwanza.

Kuna njia ambayo vijana huidharau: kuvuka mpaka tu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, Nairobi, kilianza kama taasisi 1984 na kuwa chuo kikuu 1992. Nkozi, Uganda, kuna Uganda Martyrs, tangu 1993. Mtanzania haombi viza kwenda huko, nauli ni ya basi, na shahada ya kwanza ya hapo, ikifuatwa na kazi, ndiyo hasa sifa wanayoitafuta wafadhili wa Bonn. Hata Julius Nyerere hakuanzia Ulaya. Alipita Makerere, akafundisha St. Mary's Tabora, na Padre Richard Walsh wa shule hiyo akamsaidia hadi akaenda Edinburgh mwaka 1949, chuo kisicho cha Kanisa, kwa fedha za serikali.

Ukifika chuoni, nchi yoyote ile, jiandikishe kwa padre mlezi wa wanafunzi wiki ya kwanza. Na ukipata mchumba huko, padre atakudai cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, kwa kawaida ndani ya miezi sita. Kile cha zamani ulichobeba hakitapokelewa. Hutolewa na parokia ulikobatizwa tu, kwa hiyo mwache mtu nyumbani wa kukifuata.