SOMO LA UFUNDI: UWANJA MKAVU MBELE YA NYUMBA
Jinsi ya kutandika mawe au matofali juu ya msingi ulio sawa



Mvua zinapoanza, malalamiko ni yale yale: "Nilitandika matofali mlangoni kiangazi kilichopita, mbona leo yamezama na maji yametuama?" Jibu haliko kwenye matofali. Liko chini yake. Tofali zuri likilazwa juu ya udongo uliolegea litazama, na jiwe baya likilazwa juu ya msingi ulioshindiliwa litakaa miaka. Hilo ndilo jambo kuu la somo hili. Likumbuke hata ukisahau mengine yote.

Kazi hii haihitaji saruji. Inahitaji jembe, kamba, mawe, mchanga, na subira ya siku tatu au nne. Utakayojifunza hapa yatakufaa kambini, na yatakufaa popote utakapojenga baadaye.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Kwanza, mbu. Mbu wa malaria hutaga kwenye madimbwi madogo yanayopigwa na jua. Dimbwi likikaa wiki moja hadi mbili, linatosha kutoa mbu wapya.

Pili, ukuta. Nyumba ya matofali mabichi haianguki kwa sababu ya juu, inaliwa chini. Matone ya paa huanguka kwenye tope, tope hurukia ukuta, na maji yaliyotuama hulainisha msingi.

Tatu, kazi za nyumbani. Mama anayepepeta mchele, mzee anayetembea na fimbo, mtoto anayejifunza kutambaa, wote wanahitaji mahali pakavu na sawa. Ndagala hawafai kuanikwa chini hata kwenye matofali. Wanafaa mezani, juu ya wavu, hewa ipite. Lakini meza hiyo nayo inataka miguu yake isimame pakavu.

Tuseme ukweli pia: uwanja mkavu hauzuii kipindupindu peke yake. Wengi mnakumbuka Kagunga, Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu walipokusanyika kwenye ufuko mdogo na ugonjwa ukaingia. Choo, maji salama na sabuni ndiyo kinga. Uwanja ni msaidizi wao, kwa maana ni rahisi kuufagia na kuuosha.

SOMO KUTOKA KANDO YA ZIWA

Anayetoka Kabezi, Gitaza au Rumonge anaijua ardhi ya kule. Upande mmoja kuna milima mikali, upande wa pili ziwa, na katikati ukanda mwembamba wa tambarare ambao barabara ya taifa namba 3 inapita. Maji yote ya milimani hupita kwenye ukanda huo yakienda ziwani. Ukiyazibia njia, yatatafuta nyingine, pengine katikati ya nyumba yako au ya jirani.

Ardhi hiyo imetufundisha mambo matatu.

La kwanza: usichukue mawe mahali popote unapoyaona. Mwezi Machi 2015, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka Gitaza na barabara ikafungwa. Mteremko ulio juu ya nyumba za watu usichimbwe mawe. Kingo za mto na za korongo pia ziache. Mawe yaliyofungwa ndani ya wavu wa waya ni kinga ya daraja au barabara. Ukitoa moja, umefungua mlango kwa mto.

La pili: pima maji yaliyo chini kabla ya kuchimba. Karibu na ziwa, ukichimba kidogo unakutana na maji. Mahali hapo uwanja hauchimbwi, unainuliwa. Tutaeleza jinsi ya kufanya.

La tatu: jua mipaka ya kazi yako. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, likaingia kwenye nyumba, mashamba na barabara za ufukweni. Hakuna uwanja wa mawe utakaozuia hilo. Uwanja huu ni dawa ya mvua na tope. Mahali ambapo ziwa limeshafika, dawa ni kuhama, na mawe yako uyabebe.

KABLA YA KUANZA

Ongea na kiongozi wa eneo lako na ofisi inayosimamia makazi. Usifunge njia ya watu, mtaro, wala nafasi iliyoachwa kati ya nyumba kwa ajili ya hatari ya moto. Zungumza pia na jirani wa upande wa chini. Ukimwambia mapema maji yatapita wapi, mtasaidiana. Ukimwelekezea maji bila kusema, mtapelekana kwa viongozi.

Fanya kazi wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Udongo uliolowa haushindiliki vizuri.

VIFAA

Mfano wetu ni uwanja wa mita 4 kwa mita 2, yaani mita za mraba 8. Utahitaji:

- Kokoto au vipande vya mawe na matofali yaliyovunjika: ndoo 52 za lita 20.
- Mchanga: ndoo 15.
- Matofali ya kuchoma yenye urefu wa sentimita 20 na upana wa 10: takriban 400. Au mawe bapa ya kutosha eneo hilo.
- Mawe marefu ya kuzungushia kingo.
- Jembe, koleo, kamba, vigingi 6 vinene, ubao ulionyooka, nyundo, na gogo zito la kushindilia.

Chagua kokoto zenye pembe. Kokoto za mviringo za ufukweni huteleza moja juu ya nyingine na hazishikani. Mchanga nao upime: jaza theluthi ya chupa, ongeza maji, tikisa, uache usiku mmoja. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, tafuta mwingine.

Tofali lipime hivi: gonganisha mawili. Yakilia kama chungu kizima, yameiva. Yakitoa sauti ya kufa, hayajaiva. Kisha loweka moja usiku kucha. Likimeguka kwa vidole, livunje utumie penye kokoto kavu au uliache, usilitandike juu.

Usitumie magogo ya michikichi wala mbao kwa kingo. Mchwa na unyevu watayamaliza, na kingo zikienda uwanja wote hutawanyika.

KIPIMO CHA HERUFI A

Wakulima wengi wa milimani wanakijua, kwani ndicho kinachotumika kupima mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2 kila mmoja. Ifunge pamoja juu, na miguu iachane kwa mita 2. Funga mti wa tatu katikati kwa kukata, kama herufi A. Toka juu ning'iniza uzi wenye jiwe, upite mbele ya mti wa katikati.

Kutafuta alama ya usawa: simamisha kipimo juu ya vigingi viwili, weka alama pale uzi unapogusa mti wa katikati. Geuza kipimo, mguu wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Chora hapo mstari mzito.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1: Pima eneo. Usichimbe ukigusa ukuta, kwa sababu nyumba nyingi zina msingi mfupi na utaudhoofisha. Acha sentimita 30. Nafasi hiyo ujaze udongo, uushindilie, na uupe mwinamo kuelekea uwanjani. Funga kamba ya pembe nne. Pima toka pembe hadi pembe kwa kukingama, mara mbili. Vipimo vikilingana, pembe zako ni sawa.

Hatua ya 2: Weka vigingi. Vichwa vya vigingi vitaonyesha uso wa uwanja ukikamilika. Upande wa ukuta weka vigingi vitatu, kila mita 2. Kigingi cha kwanza kiwe chini ya kizingiti cha mlango kwa sentimita 10 au zaidi. Kwa kipimo cha A, gonga cha pili na cha tatu hadi vilingane na cha kwanza.

Hatua ya 3: Weka mwinamo. Uwanja ulio sawa kabisa hutuamisha maji. Unatakiwa ushuke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Kwa mita 2 ni sentimita 4. Kata kipande cha mti chenye unene wa sentimita 4. Weka vigingi vitatu vya upande wa nje, lazia kipande hicho juu ya kila kimoja, weka mguu wa kipimo juu yake, na ugonge hadi uzi urudi kwenye alama. Ondoa kipande. Mwinamo umepatikana. Funga kamba kutoka kigingi hadi kigingi.

Hatua ya 4: Chimba. Kina kitoke kwenye kamba, si kwenye ardhi. Chukua unene wa tofali uongeze sentimita 13. Tofali la sentimita 7 linahitaji kina cha 20. Ondoa mizizi na udongo mweusi wote. Shindilia sehemu ya chini.

Maji yakitokea, simama. Hapo rudisha udongo na uushindilie, inua vigingi, panga kwanza mawe makubwa ya kingo, kisha jaza tabaka zako ndani yake juu ya ardhi. Mlango ukiwa chini mno kwa kazi hiyo, muulize fundi kwanza kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Weka kingo. Zisimamishe ndani ya ardhi pande tatu zilizo wazi na pande zake uzishindilie. Upande wa nje acha nafasi ndogo kati ya mawe ili maji yaliyopenya chini yatoke.

Hatua ya 6: Tandaza kokoto. Hii ndiyo hatua inayoamua yote. Usimwage zote mara moja. Weka nusu, nyunyiza maji kidogo, shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Weka nusu ya pili, fanya vilevile. Zikikamilika ziwe unene wa sentimita 10. Pima toka kwenye kamba mahali pengi. Penye shimo ongeza kokoto. Usizibe shimo kwa mchanga, kwa sababu mchanga mwingi mahali pamoja huzama, na hapo ndipo dimbwi la kesho linapozaliwa.

Hatua ya 7: Lainisha mchanga. Laza fito mbili zenye unene wa sentimita 3 juu ya kokoto, zikifuata mwinamo. Mwaga mchanga katikati, kisha vuta ubao juu ya fito. Ondoa fito, jaza mifereji yake. Usikanyage tena.

Hatua ya 8: Panga matofali. Anza pembe ya chini, upande wa nje, upande kuelekea ukutani. Piga magoti juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali yaliyokwisha pangwa. Viungo vipishane kama unavyojenga ukuta. Gonga kila tofali taratibu, kisha weka ubao ulionyooka juu uone kama kuna lililopanda au kushuka. Lililoshuka litoe, ongeza mchanga, lirudishe.

Hatua ya 9: Jaza viungo. Mwaga mchanga mkavu na laini, ufagie uingie katikati ya matofali. Nyunyiza maji. Rudia siku inayofuata.

Hatua ya 10: Jaribu. Mwaga ndoo moja ya maji upande wa ukuta. Yanatakiwa yatembee yenyewe hadi nje na kuingia kwenye mtaro unaofika mtaro mkubwa wa mtaa. Yakisimama mahali, rekebisha leo, matofali yakiwa bado mepesi kutolewa.

KAZI HII IFANYWE KWA UMOJA

Mtu mmoja atachoka kwenye kokoto. Nyumba nne zikishirikiana kwa msaragambo, kushindilia kunakuwa kazi ya asubuhi moja. Anzeni na nyumba ya mzee asiye na msaidizi, au mjane. Hapo wote mtajifunza kabla ya kurudi kwenye nyumba zenu. Mtaro wa nje uchimbeni pamoja, kutoka nyumba ya chini kwenda juu, ili maji ya wa kwanza yasiingie kwa wa mwisho.

MATUNZO

Fagia kila siku. Zibua mtaro kila baada ya mvua kubwa. Ng'oa majani yanayoota kwenye viungo na uongeze mchanga. Tofali likizama usilijazie tope juu. Litoe, shindilia kokoto, weka mchanga, lirudishe. Huo ndio uzuri wa kutotumia saruji: kila kitu hutoka na kurudi. Na siku ukihama, unaweza kuyachukua matofali yako.

KUMBUKA

1. Nguvu iko chini, kwenye kokoto zilizoshindiliwa.
2. Kina hupimwa toka kwenye kamba.
3. Sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje.
4. Maji yako yasiwe dimbwi la jirani.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBA KWA NYUMBA

1. Mvua ya mwisho, maji yalituama wapi kwenye mtaa wetu, na yalitoka kwa nani?
2. Uwanja wenye upana wa mita 3 kutoka ukutani ushuke sentimita ngapi?
3. Kwa nini tusizibe shimo la kokoto kwa mchanga?
4. Nyumba gani tuanze nayo?